Maswali Machache, Majibu ya Kweli



Siku moja mama alifika kwangu na mutoto mugongoni. Mutoto alikuwa na miezi 9. Mwili wake ulikuwa moto, na alikuwa anapumua mbio. Nikashika tabuleti, nikafungua fishi ya wagonjwa. Nikaandika jina, matrikule ya baba, kartie, nambari ya nyumba. Kisha kioo kikauliza: "Mugonjwa anafanya kazi gani?" Nikaandika: hana kazi. Kikauliza tena: "Anavuta tumbaku? Sigara ngapi kwa siku?" Halafu: "Anafanya kazi katika makelele? Anavaa vizibo vya masikio?"

Mama alisikia, kwani nilikuwa ninasoma kwa sauti. Akasema: "Munganga, huyu bado anatambaa." Watu wa kwenye benchi wakacheka, na mimi vilevile nikacheka. Lakini mutoto hakucheka. Aliendelea kupumua mbio, na mimi nilikuwa sijahesabu bado pumzi yake, sababu swali la pumzi lilikuwa mbali, kwenye ukurasa wa 5.

Hiyo ilikuwa katika dispansere moja ambayo sitaitaja. Mutoto alipona, asante kwa Mungu. Lakini tangu siku ile nina neno moja la kusema, na leo ninalisema wazi: fishi yenye kuuliza kila mutu kila kitu ni hatari kwa afya, sawa na waya wa umeme usiofunikwa. Fishi inapaswa kuonyesha yale tu yanayomuhusu mutu aliye mbele yetu. Na yule anayechagua yale ya kuficha anapaswa kujua kazi yetu na maisha yetu, kama sivyo atatuficha hata magonjwa yetu.

MUKONO UNAJIFUNZA KUSEMA "HAPANA"

Wengine watasema: juu ya nini kulalamika? Maswali mengi ni bora kuliko maswali machache. Swali lisilofaa, uliruke tu!

Rafiki, hujaona mukono wa mutu aliyechoka. Mutu akiulizwa maswali 40, na kati yake 30 hayamuhusu, mukono wake unajifunza kujibu "hapana" kabla ya macho kusoma. Hapana, hapana, hapana. Halafu linakuja swali la 31: "Amewahi kutapika damu?" Mukono unajibu: hapana. Mugonjwa hakuulizwa, lakini fishi inasema kwamba aliulizwa akakana. Munganga wa hospitali akisoma fishi ile, ataiamini.

Kuna ubaya mwingine, wa kisanduku kitupu. Kwenye fishi ndefu ya karatasi tuliona visanduku vingi vitupu. Kitupu maana yake nini? Mugonjwa alisema hapana? Ao hakuulizwa? Ao swali halikumuhusu? Hakuna anayejua. Mwanaume asiyejazwa mbele ya "mimba" haleti shida. Lakini mwanamuke asiyejazwa mbele ya "mimba," halafu akatumwa kupigwa picha ya mionzi ya tumbo, huyo ni shida kubwa. Kisanduku ni kitupu vilevile kwa wote wawili.

Wengine, ili kuzuia utupu, wameweka nyota nyekundu: bila kujaza, huendelei mbele. Hapo watu wanajifunza kudanganya. Nimeona simu ya "000000." Nimeona mugonjwa wa miaka 99 aliyekuwa kijana wa miaka 20, sababu hakujua mwaka wa kuzaliwa na fishi ilikataa kupita. Nyota haileti ukweli, inaleta tu kisanduku kilichojaa.

GINSI FISHI NZURI INAVYOFANYA

Mashini inaweza kufanya kitu ambacho karatasi haiwezi. Karatasi inaonyesha yote kwa wote. Tabuleti inaweza kungoja jibu la kwanza, kisha ifungue mulango unaofaa, na milango mingine ibaki imefungwa.

Si uchawi. Programu ya ODK, iliyoanza mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, inafanya hivyo, na KoboToolbox pia. Mwenye kutengeneza fishi anaandika maswali katika mistari kama daftari ya hesabu. Pembeni ya kila swali anaweza kuandika kanuni: swali hili lionekane tu kama jibu la swali fulani ni hili. Mufano: swali la mimba lionekane kama mugonjwa ni mwanamuke na umuri wake ni wa kuzaa. Basi.

Turudi kwa yule mutoto wa miezi 9. Sisi tunaotibu watoto tunafuata kanuni za Shirika la Afya Ulimwenguni kwa watoto wa miezi 2 mpaka miaka 5. Kwanza tunatafuta alama za hatari: mutoto hawezi kunywa wala kunyonya; anatapika kila kitu; alipata degedege; analegea sana ao hana fahamu. Akiwa na hata moja tu, anapelekwa hospitali mbio. Halafu, akiwa na kikohozi ao anapumua kwa shida, tunahesabu pumzi dakika 1 nzima, mutoto akiwa ametulia. Mutoto wa miezi 2 mpaka asiyetimiza miezi 12, pumzi 50 ao zaidi ni nyingi mno. Mutoto wa miezi 12 mpaka asiyetimiza miaka 5, ni 40 ao zaidi.

Sasa angalia namna fishi nzuri inavyosaidia. Inauliza umuri kwanza. Nikiandika miezi 9, maswali ya kazi, ya tumbaku na ya makelele hayaonekani kabisa. Alama za hatari zinakuja mbele. Nikijibu kwamba ana kikohozi, kisanduku cha pumzi kinafunguka, na pembeni yake inaandikwa 50, si 40. Nikijibu kwamba hana kikohozi na hapumui kwa shida, kisanduku hicho hakifunguki, tunaenda kwa homa na kuhara. Ninauliza maswali machache, lakini kila moja ninaliuliza kwa kweli, macho yangu kwa mutoto.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu mambo haya mapema. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulilinganisha dispansere zilizotumia programu ya kuongoza maswali hatua kwa hatua na dispansere za kawaida. Mahali pa programu, watoto 15 kwa 100 walipewa antibiotiki. Mahali pa kawaida, 84 kwa 100. Na waliopona siku ya 7 hawakupungua: walikuwa 97 kwa 100, na kwa kawaida 92 kwa 100. Tusiseme kioo peke yake kilileta hayo, sababu kanuni za matibabu pia zilikuwa mupya. Lakini tunaona kwamba swali linalofika kwa wakati wake linamusaidia musaidizi kufuata kanuni.

AJALI ILIYOKOSA KUTOKEA

Sasa tutoke dispansere, tuende karieri.

Nyote munajua kitu hiki: jiwe linaporomoka, linapita karibu na mutu, linaanguka chini, hakuna aliyeumia. Watu wanashika kifua, wanasema "Mungu iko," wanarudi kazini. Ndiyo ajali iliyokosa kutokea. Tangu mwaka 1931, Muamerika mumoja, Heinrich, aliandika kwamba kwa kila ajali 1 ya kuumiza sana kuna ajali 29 ndogo na matukio 300 yasiyoumiza mutu. Hesabu yake imebishaniwa sana, na kila kazi ina hesabu yake. Lakini kila muzee wa karieri anajua kwamba jiwe la leo lililokosa mutu ni ndugu ya jiwe la kesho.

Mahali pamoja pa kazi, zamani, waliweka fishi ya kutangaza matukio kama hayo. Ilikuwa kurasa 6. Ilikuwa ileile ya ajali kubwa: kiungo gani kimeumia, damu ngapi, nani alitoa musaada wa kwanza, gari gani lilibeba mugonjwa, siku ngapi za kupumzika. Mufanyakazi wa posti ya usiku, amechoka, bus inamungoja, anapaswa kujaza kurasa 6 juu ya jiwe lisilomugusa mutu! Nani atafanya? Mwezi wa kwanza zilikuja fishi nyingi kidogo. Mwezi wa tatu hakuna. Wakubwa wakafurahi, wakasema: angalia, karieri imekuwa salama!

Haikuwa salama, ilikuwa imenyamaza tu. Na siku mutu alipovunjika muguu, wenzake walisema: "Pale mawe yanaanguka kila juma." Walijua wote. Fishi peke yake haikujua.

Ukiuliza mimi, fishi hiyo ianze na swali 1: "Kuna mutu aliyeumia?" Jibu likiwa "hapana," maswali 3 tu yafuate: Ni mahali gani? Ni nini kilitokea? Hatari iko bado pale? Kama hatari iko bado, linafunguka la 4: Nani amepashwa habari? Yote yanamalizika kabla bus haijaondoka. Jibu likiwa "ndiyo," basi yale ya kiungo, ya damu na ya musaada wa kwanza yafunguke, kwani sasa yana maana. Na maswali yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, sababu fishi hizi zinaweza kubeba luga mbili ao zaidi, na mutu anachagua yake.

NANI AONE NINI

Kuna sababu nyingine ya kuonyesha yale tu yanayofaa, na hii inagusa heshima ya kila mumoja wetu.

Shefu wa kazi anahitaji kujua nini juu ya mugonjwa wake? Mambo 2: siku gani anaweza kurudi, na kazi gani asifanye kwa sasa, mufano asipande juu, asibebe muzigo, asiingie penye vumbi. Basi. Hahitaji kujua jina la ugonjwa. Hilo ni siri ya mugonjwa na munganga. Kama fishi moja inaonyesha yote kwa wote, jina la ugonjwa litatembea kwenye kampi yote kabla ya jua kuzama. Na mutu aliyeogopa masengenyo mara moja hatarudi kwetu. Atabaki na ugonjwa wake nyumbani, pamoja na bibi na watoto.

Kwa hiyo kuficha visanduku si kupunguza kazi tu. Ni kufunga mulango wa chumba cha matibabu.

LAKINI ANGALIA: KUFICHA KUNAWEZA KUUA

Hapa ninataka kukiri kosa langu, ili lisiwe lako.

Tulipopata fishi mupya, fupi, nilifurahi sana. Swali la kwanza lilikuwa: "Mugonjwa ni nani? Mufanyakazi, bibi, ao mutoto?" Ukichagua mufanyakazi, yanafunguka maswali ya vumbi: unafanya wapi, miaka ngapi, unavaa maski? Ukichagua bibi, hayo yanabaki yamefungwa. Yalionekana mambo ya akili. Bibi haendi karieri, juu ya nini kumuuliza vumbi?

Mama mumoja akaja na kikohozi. Nikajaza, nikampa dawa. Juma 2 baadaye akarudi. Nikajaza tena, dawa nyingine. Mara ya tatu sikuwapo, alimupata muzee mumoja wa kazi, msaidizi wa zamani aliyejifunza wakati wa karatasi. Yule muzee aliweka tabuleti kando, akamuuliza: "Mama, salopete ya baba inafuliwa na nani?"

"Na mimi."

"Unaifua namna gani?"

"Kwanza ninaikung'uta mulangoni, vumbi litoke. Kisha maji."

Kila jioni, miaka mingi. Vumbi la mutambo wa kutoboa mawe, kwenye mulango wa nyumba, watoto wakicheza pale chini. Munganga alimutuma kupigwa picha ya mapafu na kupimwa makohozi. Baba akaanza kuvua salopete kazini, na mama akaacha kukung'uta. Kikohozi kikapungua.

Fishi yangu nzuri, fupi, haikuweza kuuliza swali lile. Mulango ulikuwa umefungwa, na mimi nilidhani kwamba nyuma ya mulango uliofungwa hakuna kitu.

Wakubwa wa elimu walijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1965, huko London, Newhouse na Thompson waliandika juu ya wagonjwa wa kansa ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu na matumbo, kansa inayoletwa na amianti. Kati yao walikuwapo watu wasiofanya kazi ya amianti hata siku moja. Waliishi tu nyumba moja na mwenye kuifanya, na wanawake walifua nguo zake za kazi. Vumbi la risasi vilevile linafika kwa watoto kupitia nguo na viatu vya baba. Na vumbi la mawe yenye silika, munalijua: silikosi haina dawa ya kuiondoa, na inafungulia kifua kikuu njia.

Basi neno langu si "ficha mengi." Neno langu ni: chagua vizuri swali linalofungua mulango. Swali la "mufanyakazi ao bibi" lilikuwa funguo mubaya. Funguo muzuri ni huu: "Kuna mutu katika nyumba anayefanya kazi ya vumbi? Nguo zake zinafuliwa wapi?" Swali hilo liulizwe kila mutu mwenye kikohozi, hata mama, hata mutoto. Likijibiwa "hapana," mengine ya vumbi yafichwe.

Kuna mutego mwingine. Nimeandika kwa kukosea kwamba mugonjwa ni mwanamuke, nikajibu swali la mimba, kisha nikasahihisha: mwanaume. Swali la mimba likapotea machoni. Lakini jibu lake je? Katika ODK, jibu la swali lililofichwa linafutwa fishi inapomalizika. Katika programu nyingine linaweza kubaki ndani, na mwisho wa mwezi hesabu inaonyesha mwanaume mwenye mimba. Kwa hiyo kila fishi mupya ijaribiwe kwa kukosea makusudi, kabla ya kuitumia kwa wagonjwa.

TUFANYE NINI?

Kwa wenye kutengeneza fishi: njooni mukae kwenye benchi letu siku 1 nzima, na usiku 1 kwenye karieri. Kwa kila swali mujiulize: jibu hili litabadilisha nini? Kama halibadilishi dawa, wala kazi, wala usalama wa mutu, liondoeni. Mukitaka hesabu kwa ofisi, chukueni yale yaliyokwisha kuandikwa. Msituombe matrikule na kartie mara 3. Na muweke daima, mwishoni, kisanduku 1 kisichofichwa kamwe: "Kuna neno lingine mugonjwa anataka kusema?" Hapo ndipo mama angeandikiwa habari ya salopete.

Kwa wasaidizi wenzangu: fishi ni ya kutukumbusha, si ya kufikiri mahali petu. Mugonjwa akirudi mara ya pili na ugonjwa uleule, weka tabuleti chini, uulize kwa kinywa chako mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na kama swali linakosekana kwenye fishi, usinyamaze, liandike, ulipeleke kwa wakubwa.

Kwako, baba mufanyakazi: vua salopete kazini, oga kabla ya kupanda bus, usibebe vumbi mpaka kwenye kitanda cha watoto. Na jiwe likikukosa, litangaze, hata kama fishi ni mbaya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwako, mama: nguo ya kazi ikifika nyumbani, usiikung'ute. Iloweshe kwanza katika maji, mbali na nguo za watoto. Na ukija kwetu, hata tusipokuuliza, tuambie bwana wako anafanya kazi gani. Kama tabuleti haina mahali pa kuandika neno lako, sema hata hivyo. Sisi tuna masikio.

Yule mutoto wa miezi 9 sasa anatembea. Juzi alipita mbele ya dispansere na mama yake, amevaa kaske ya karatasi aliyotengenezewa na kaka yake. Mama akaniita kutoka barabarani: "Munganga, sasa munaweza kumuuliza kazi yake!"

Tulicheka tena. Lakini fishi ile niliyoitumia siku ile, mpaka nilipoondoka pale, ilikuwa bado na swali la pumzi kwenye ukurasa wa 5.